Mwonja Maji wa Darajani

Kazi ya shangazi yangu ilikuwa kunywa maji ya adui. Sitanii. Alikuwa na sare ya kijivu yenye kola nyeupe, alikuwa na kitambulisho chenye picha iliyomfanya aonekane kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, na kila mwisho wa mwezi serikali ilimlipa kwa sababu ya glasi moja ya maji. Watu wakiniuliza shangazi yako anafanya kazi gani, nilikuwa nasema "yuko serikalini," maana ukisema ukweli wanakuona wewe ndiye una kasoro.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu na mdomo ambao, kwa maneno ya baba yangu, ungefaa kuwekewa kufuli. Nakubali. Mtu akikaa kwenye kiti changu nataka kujua ametoka wapi, anakwenda wapi na kwa nini. Kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwako, hana pa kukimbilia. Na shangazi alikaa kwenye kiti hicho kabla ya kila mkutano wa darajani, kwa sababu alisema hawezi kwenda kuiwakilisha nchi nzima nywele zimemsimama. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu chumba kile niliyachimba hapo hapo, huku nasuka.

Nianze na chumba chenyewe. Kati ya nchi yetu na Ng'ambo kuna mto, juu ya mto kuna daraja pana, na katikati ya daraja kuna jengo la chini lenye paa la bati la kijani. Ndani mna chumba kimoja kikubwa. Mstari wa shaba umepita sakafuni, ukapanda mezani, ukaikata meza katikati, ukashuka tena na kuishia ukutani. Huku kwetu, kule kwao. Feni ni mbili, moja kila upande, na yetu inapiga kelele. Saa za ukutani ni mbili pia na hazijawahi kukubaliana. Wajumbe wetu wana mlango wao, wa Ng'ambo wana wao, na hakuna anayevuka ule mstari hata kwa ncha ya kiatu.

Kilichovuka ni maji tu. Zamani, kabla shangazi hajaajiriwa, mjumbe mmoja wa kwetu alitoka mkutanoni akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo, analia kwamba amelishwa sumu, na kabla jua halijazama mizinga ilikuwa imeelekezwa mtoni. Daktari alikuja kusema kwamba ni maharage ya jana yake, aliyoyala nyumbani kwake mwenyewe, lakini wakati huo watu wa pande zote mbili walikuwa wameshajificha chini ya vitanda. Ndipo ikawekwa kanuni. Kila upande uwe na mhudumu mmoja. Kabla neno lolote halijasemwa, mhudumu wetu anammiminia maji wa kwao, na wa kwao anammiminia wa kwetu. Wanasimama wakitazamana, mstari kati yao, wanakunywa mpaka mwisho, kila mmoja anaifudikiza glasi yake kwenye sinia, mdomo chini. Hapo ndipo wakubwa wanakaa. Glasi isipofudikizwa, hakuna mkutano. Na mhudumu habadilishwi mpaka upande wa pili ukubali, maana kila upande unataka kumwona mtu yule yule akirudi mzima.

"Yana ladha gani?" nilikuwa namuuliza kila mara.

"Ya maji."

"Maji ya namna gani, shangazi? Ya bomba? Ya kisima? Yana chumvi?"

"Mwanangu, ukinivuta tena hivyo nitakwenda kuiwakilisha nchi na kipara."

Nikalegeza mkono. Ndipo akasema, "Yana baridi. Ya kwetu huwa ya uvuguvugu, nimeshawaambia wanunue friji nyingine mpaka nimechoka. Ya kwao yana baridi nzuri."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Watu wana silaha ya kutumaliza sote kabla chai haijapoa, na huku kuna mtu wao mmoja anahangaika maji ya mgeni yapate baridi. Ukishayajua mambo kama hayo, unafanya nayo nini?

Mtu mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio makubwa. Shangazi alimwita Mzee wa Jagi. Walifanya kazi pamoja miaka na miaka bila kusemezana, kwa kuwa kanuni ilikataza wahudumu kuzungumza, lakini usidhani hawakujuana. Shangazi alijua anapobadilisha miwani. Alijua meno yanapomsumbua, kwa jinsi alivyoyanywa maji upande mmoja wa kinywa. Na mwaka aliofiwa na mumewe, shangazi aliingia kazini na kitambaa cheusi mkononi, na Mzee wa Jagi alipomaliza kummiminia hakurudi nyuma upesi kama siku zote. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mkubwa wake akakohoa.

"Rafiki yako huyo," nikamtania siku moja.

"Si rafiki," alisema. "Ni mtu ninayekunywa maji yake."

Sasa nije kwenye bomu, maana bila bomu shangazi angekuwa mhudumu tu kama wahudumu wengine. Ng'ambo walikuwa nalo siku nyingi, lakini lilikuwa kitu cha kusikia kwenye taarifa ya habari. Halafu mwaka mmoja wakalijaribu chini ya milima yao. Saluni kwangu vioo vilitetemeka, chupa ya shampuu ikaanguka, na mteja niliyekuwa namwosha akainuka na povu lake mpaka barabarani. Tangu siku hiyo watoto shuleni wakafundishwa kuingia chini ya madawati wakisikia king'ora. Nilijiuliza dawati la mbao linamsaidia nini mtoto, na aliyelibuni zoezi hilo alikuwa anamfariji nani.

Saluni ikagawanyika. Niliwapa majina: wa ngumi na wa meza. Wa ngumi walisema dawa ya moto ni moto, na ukicheka na nyani utavuna mabua. Wa meza walisema mkono usioweza kuukata ubusu, na nusu shari kuliko shari kamili. Mtu akinianzia ile ya fahali wawili na nyasi nilikuwa namwambia hiyo tumeshaizoea, lete nyingine. Mimi mwenyewe sikuwa na upande. Asubuhi nilikuwa wa ngumi, ikifika mchana, nikisikia ndege inapita chini chini, nakuwa wa meza.

Nyumbani jemedari wa ngumi alikuwa baba yangu. Alistaafu jeshini na goti lisilokunjika, na siasa yake pia haikukunjika. Jumapili shangazi akija kumsalimia kaka yake, hawakumaliza hata salamu.

"Mwaka ule walipochukua kisiwa cha mtoni tulikaa mezani," baba alisema. "Tukakaa, tukakaa, tukakaa. Kisiwa kiko wapi?"

"Kwao," shangazi alijibu.

"Umeona?"

"Na mimi niko wapi, kaka? Si niko hapa? Na paa lako si liko juu ya kichwa chako?"

"Dada, sikiliza. Mtu mwenye bomu ukimwonyesha kwamba unaliogopa, hana haja ya kulitupa. Ameshakushinda."

"Na nisipoliogopa, linaacha kuwa bomu?"

Baba alitafuta jibu chini ya meza, juu ya kabati, halafu akaomba chumvi. Nasema kweli, sikuwahi kumwona yeyote kati yao akimshinda mwenzake, na hilo ndilo lililonifanya nisikose Jumapili hata moja.

Mambo yakaacha kuwa maneno siku walipomchukua Nguzo. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi. Tulimwita Nguzo kwa urefu wake, hata kabla hajaanza kazi ya kupanda nguzo za umeme. Dhoruba ilikuwa imekata waya unaopita juu ya mto, na mnara mmoja wa waya huo umesimama kwenye kile kisiwa. Kila mwaka mafundi wetu waliupanda na kushuka, na Ng'ambo waliwatazama tu wakivuta sigara. Mwaka wa bomu hawakutazama tu. Nguzo aliposhuka mnarani alikuta watu sita wao wanamsubiri chini. Jioni tukamwona kwenye televisheni, mkanda wa vifaa bado kiunoni, anaitwa jasusi.

Shangazi hakupiga kelele. Alisogea karibu na televisheni, akamtazama mtoto wake kwa makini, kisha akasema, "Amekonda shingo." Alikuwa amemwona siku mbili tu zilizopita.

Serikali ikawa ya ngumi. Wakafunga daraja, lori la mafuta lisivuke, la unga lisivuke. Vipaza sauti vikawekwa ukingoni kuwatukana Ng'ambo mchana kutwa, mpaka wavuvi wetu wakalalamika kwamba samaki wanahama. Wa meza kwenye saluni yangu walisema sasa tumekwisha. Haikuwa hivyo. Baada ya wiki kadhaa Ng'ambo wenyewe wakaomba mkutano, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Baba aliruka juu, goti na yote. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?" Waliminywa, wakaja. Hilo ni kweli na litabaki kweli.

Mchana wa kabla ya mkutano shangazi alikuja kusukwa. Baba alimsindikiza. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa pale mlango ulipofunguliwa, akaingia Bwana Itifaki, mkubwa wake shangazi, mtu wa viatu vinavyong'aa na sauti ya kubembeleza mtoto alale. Aliwaomba wateja wawili watupishe. Mimi sikutoka, ni saluni yangu.

"Mama," alisema, "kesho naomba usinywe."

Shangazi alitaka kugeuza kichwa, nikawa bado nimeshika nywele zake, akamtazama kupitia kioo. "Nisinywe nini?"

"Maji yao. Mzee atakumiminia kama kawaida. Utaishika glasi, utaitazama, halafu utairudisha kwenye sinia ikiwa imejaa. Basi. Mara hii kamera zitaruhusiwa kuingia."

"Nisipokunywa hakuna mkutano."

"Utakuwepo. Hawana mafuta, mama, hawana pa kwenda. Dunia nzima ikimwona mama wa kijana wanayemshikilia, mama mwenyewe, hayaamini hata maji yao, wataaibika. Watamwachia haraka ili wajisafishe."

"Yule mzee hajawahi kunitilia kitu."

"Maji si hoja, mama."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Kama maji si hoja, kwa nini usisimame wewe ukayakatae?"

Aligeuka akanitazama, na hakukasirika. "Kwa sababu mimi sina mtoto kule," alisema. Alilisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionitia hasira. Kumbe walikuwa wameshapima thamani ya uchungu wa shangazi yangu wakaona unafaa kwa picha.

"Mnaniahidi atarudi?" shangazi aliuliza.

"Ninaamini atarudi."

"Sikukuuliza imani yako, bwana. Nimeuliza kama mnaahidi."

Bwana Itifaki alitazama viatu vyake. Baba ndiye aliyejibu. Alivuta kiti akakaa mbele ya dada yake, mguu umenyooka, akamshika mikono. "Dada. Yule kijana unajua ninavyompenda. Kupanda miti nimemfundisha mimi. Tumewabana wakaja wenyewe, umeona. Tukilegeza sasa, watamshikilia mpaka azeeke. Mara hii tu, fanya kama wanavyosema."

Shangazi aliniacha nimalize mistari miwili. Halafu akasema, "Nyinyi mnajua vitu nisivyovijua." Akaniambia nimalizie upande uliobaki, kesho ataondoka mapema.

Yaliyotokea chumbani alinisimulia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alisimulia vile vile. Upande wetu ulijaa kamera. Mzee wa Jagi aliingia amenyoa vizuri, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho shangazi hakuwahi kukiona: alikuwa karibu kutabasamu. Akammiminia. Glasi ilikuwa ya baridi, imetoka jasho nje. Shangazi akamiminia ya kwetu, ya uvuguvugu, na mzee akainywa yote, akaifudikiza. Kisha shangazi akainua ya kwake, akaitazama, akairudisha kwenye sinia imejaa.

Feni yetu ikaendelea na kelele zake.

Mzee aliitazama glasi. Akageuka kuutazama mlango wa upande wao. Akaitazama glasi tena, akautazama mlango tena. Halafu akafanya jambo ambalo halimo kwenye kanuni yoyote: akanyoosha mkono, akaichukua glasi ya shangazi, akayanywa maji yale yeye mwenyewe, polepole, mpaka tone la mwisho, akaifudikiza pembeni ya ile ya kwake. Glasi mbili zimefudikizwa. Akamtazama mkubwa wake kama anayeuliza, je, haitoshi?

Haikutosha. Mkubwa wake alikuwa ameshafunga faili. Wakatoka mmoja mmoja, na mzee akawa wa mwisho, na jagi lake.

"Kwa nini alitazama mlango?" shangazi aliniuliza. Alikuwa amekuja saluni moja kwa moja, na sare. "Mara mbili. Mtu akitukanwa anamtazama aliyemtukana. Yeye alitazama mlango."

Nilimwambia labda alitaka kukimbia. Akatikisa kichwa. Mimi ndiye ninayesifika kwa kuulizauliza, lakini swali hilo lilikuwa lake, na alikaa nalo kama mtu mwenye mwiba kidoleni.

Picha ilipendwa. Ilibandikwa kwenye magazeti, kwenye kuta, na kwenye mlango wa duka la mkabala na langu: shangazi na glasi iliyojaa, nywele nilizosuka mimi zikionekana vizuri sana. Wanawake wasiomjua walimkumbatia njiani. Baba aliikata gazetini akaiweka kwenye fremu. Ng'ambo nao wakasogeza makombora hadi ukingoni, yakawa yanaonekana kwa macho kutoka sokoni, meupe, yamepangwa vizuri. Ving'ora vikalia mchana na watoto wakaingia chini ya madawati. Mkutano haukuitishwa tena. Nguzo hakurudi wiki ile, wala mwezi ule, wala msimu ule wa mvua. Shangazi aliacha kuja Jumapili. Nikienda kwake namkuta anafua nguo za mwanawe zilizo safi, anazianika, anazikunja, anazirudisha kabatini.

Nilimuuliza baba kama bado ana uhakika. "Ngumi ina muda wake," alisema, lakini ile fremu alikuwa ameshaihamishia nyuma ya mlango.

Ilichukua karibu mwaka. Sijui nani alichoka kwanza. Sisi tulikuwa tumechoka na ving'ora, wao walikuwa wamechoka na giza. Mkutano ukatangazwa, bila kamera mara hii, na Bwana Itifaki alikuwa ameshahamishiwa ofisi nyingine, kwa hiyo hakuna aliyekuja kumwambia shangazi anywe au asinywe. Nilimsuka. Na, mshangae, sikumuuliza kitu.

Mzee wa Jagi alikuwepo. Alimmiminia. Shangazi alikunywa yote. Badala ya kuifudikiza glasi, akaivusha tena juu ya mstari, akamnyooshea. Mzee akamgeukia mkubwa wake, mkubwa wake akawatazama wa kwetu, wa kwetu wakatazama dari. Akamimina. Shangazi akanywa ya pili. Ndipo akaifudikiza, na wakubwa wakakaa.

Mikutano mingine miwili ikafuata, na asubuhi moja Nguzo akavuka daraja kwa miguu, na mfuko wa plastiki mkononi. Kesho yake malori ya mafuta yakavuka kwenda Ng'ambo. Hakuna aliyetuambia nini kilibadilishwa kwa nini, ila sisi si watoto.

Tulimwacha alale siku mbili. Ya tatu tukakusanyika kwa shangazi kula mchana, sisi wanne tu: shangazi, Nguzo, baba na mimi. Chumba kilikuwa kidogo na madirisha yalikuwa wazi. Nguzo alikula polepole, mkono umeizunguka sahani, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Baba alikuwa na furaha mpaka machozi yanamlengalenga. Alimpiga mgongoni, akasema, "Tuliwaminya, mpwa wangu. Tuliwaminya mpaka wakakutapika!" Shangazi alimwongezea mwanawe mchuzi, akaketi.

Sasa mdomo wangu. "Nguzo," nilisema, "wakati wote ule, hukuwahi hata siku moja kudhani kwamba leo natoka?"

Alifikiri. "Siku moja. Mapema kabisa, sikuwa nimekaa hata miezi miwili."

"Ilikuwaje?"

"Walikuja asubuhi, wakaninyoa, wakanipa shati jipya. Wakanipakia kwenye gari dogo, si lile la magereza. Tukaenda mpaka darajani. Tulisimama nyuma ya lile jengo la paa la kijani, karibu kabisa, nikawa nauona mlango. Yule afisa akaniambia, wakishamaliza kunywa maji utaingia, mama yako yumo ndani." Alicheka kidogo. "Upande wa huku niliona magari ya televisheni yamejaa. Nikasema, leo nitaonekana kwenye habari mara ya pili, sasa nimenyoa."

Hakuna aliyetafuna. Mkutano wenye kamera ulikuwa mmoja tu. Nguzo alikuwa hajui chochote kuhusu ile picha. Hakuna aliyewahi kumwambia, na fremu haikuwa kwenye nyumba ile.

"Halafu?" baba aliuliza. Sauti yake sikuitambua.

"Halafu wakubwa wao wakatoka haraka haraka. Gari likageuzwa. Shati wakalichukua, wakanirudishia lile la zamani. Sikuambiwa kwa nini." Akainua mabega. "Hata kule, siku ile gerezani askari walinuna, hawakunisemesha."

Baba aliweka kijiko chini. "Labda walikuwa wanakuchezea tu," alisema. "Ni mbinu. Unampeleka mfungwa karibu na mlango, unamrudisha. Wanajua kuvunja moyo wa mtu, wale." Alikuwa anamwambia Nguzo, lakini alikuwa anamtazama dada yake, na macho yake yalikuwa yanamwomba akubali.

"Inawezekana, mjomba," Nguzo alisema. "Ila shati walilinunua. Lilikuwa bado lina pini kwenye kola."

Nilitaka kumtazama shangazi na nikaogopa. Nilimsikia akivuta kiti chake karibu na cha mwanawe.

"Shati gani?" aliuliza.

"Jeupe, mama. La mikono mirefu."

"Lilikutosha?"

Nguzo akacheka sana, kama zamani, maana kutafuta shati la kumtosha ilikuwa vita ya nyumba ile tangu akiwa darasa la nne. "Litanitosha wapi? Mikono iliishia hapa." Akanyoosha mkono wake mrefu juu ya meza, akatuonyesha kwa kidole, kati ya kiwiko na kiganja.

Shangazi akauweka mkono wake pale pale alipoonyesha, akapashika.

"Wangeniuliza mimi," alisema. "Nilikuwa mle ndani. Wangeniuliza mimi, ningewaambia."